Kwa Nini Miti Huachia Matawi Makavu

Mkipita msituni mkasikia tawi linakatika na kudondoka, hali hakuna upepo hata wa kutikisa jani, msikimbie wala msiseme ni shetani. Ni mti unatimiza neno lake. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Zamani miti haikuangusha kitu. Tawi likifa lilibaki palepale juu, limeshikwa na mti wake, kavu katikati ya mabichi, mwaka hata mwaka. Chini ya msitu palikuwa peupe kama uwanja uliofagiwa. Watu wa Isuja, kule milimani ambako ukungu hushuka ukakaa bila kuaga, walizoea hali hiyo wakadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Kuni kwao zilikuwa gogo. Gogo lilitoka kwenye mti mbichi, mti mbichi uliangushwa kwa shoka, na shoka lilikuwa mali ya mwanamume. Magogo hayo yalitoa povu yakiwaka, yakajaza moshi nyumbani mpaka kila mtu akawa na macho mekundu. Nao, badala ya kujiuliza, wakauita moshi ule heshima ya nyumba. Mwenye macho meupe alionekana mvivu.

Tena mtoto hakukanyaga msituni. Ilisemwa kwamba mtoto akiingia humo hudumaa, kimo chake hakiongezeki tena mpaka kufa. Nani aliyewahi kumwona mtoto wa namna hiyo? Hakuna, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpeleka mtoto huko. Lakini mnajua wenyewe, jambo ambalo halijajaribiwa ndilo huaminiwa kuliko yote.

Kulikuwa pia na sheria ya meko. Kila mwaka, ukungu mkubwa ulipotua, mzee aliyeitwa mpima majivu alizunguka nyumba kwa nyumba, akainama mekoni, akatia kiganja chake kwenye majivu. Akikuta yana moto alishukuru na kupita. Akikuta yamepoa, nyumba hiyo ilihesabiwa imekufa. Watoto waligawanywa kwa ndugu wa baba yao, huyu huku na yule kule, na shamba likarudi ukooni. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na nia njema, hawakutaka mtoto alale na baridi. Ila nia njema ikikaa muda mrefu bila kuangaliwa, wenye tamaa huitafutia kazi nyingine.

Nyumba ya mwisho, kwenye ukingo wa mto, ilikuwa ya Nakijwa, mjane wa Sengondo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, na wakwe zake walisema ana mdomo. Alikuwa nao kweli. Sengondo alikufa kwa homa ya kifua, akamwachia watoto watatu na shamba la maharage ambalo halikuwa kubwa, lakini lilikuwa na udongo mweusi na maji karibu. Mtoto mkubwa alikuwa msichana, Nankondo, akifuatiwa na Senzia, mvulana wa maswali mengi. Wa mwisho alikuwa Mbonea, kitoto cha kike kilichokuwa ndio kwanza kimejifunza kujifunga nguo chenyewe.

Siku ya kuondoa matanga, Kajiru, mdogo wake marehemu, alichukua shoka la kaka yake kama ilivyokuwa desturi. Akaahidi mbele ya wazee kwamba atakuwa akimpelekea shemeji yake magogo. Akapeleka. Baadaye akapeleka vipande. Baadaye akapeleka visingizio: leo mgongo, kesho mvua, keshokutwa shoka limelegea mpini. Ukungu ulipoanza kuonekana vileleni, aliacha hata visingizio.

Asubuhi moja alikuja mwenyewe. Alisimama kwanza shambani, akaokota udongo, akausaga kwa vidole, ndipo akasogea mlangoni.

"Shemeji," akasema, "mwaka huu ukungu utakuwa mzito. Usione haya. Watoto wana ukoo. Nankondo atakwenda kwa dada yangu, Senzia nitamchukua mimi, na huyu mdogo tutamtafutia."

"Mtamtafutia nini?"

"Mahali."

"Mahali anapo. Amekaa hapo, unamwona. Nenda kwako Kajiru, na ukipita shambani pita pembeni, usinikanyagie maharage."

Maneno yalikuwa matamu mdomoni, lakini meko hayali maneno. Nakijwa alizunguka kijiji kizima akiazima shoka, na wanaume wakatazama vidole vya miguu yao, maana hakuna aliyetaka kugombana na Kajiru. Akachoma uchaga wa mahindi. Akachoma mlango wa banda la mbuzi, mbuzi wakahamia ndani. Akachoma kitanda alicholala na mumewe, na siku hiyo alilia. Kinu alikitazama sana, kisha akakiacha, kwa kuwa angepika nini bila kutwanga? Kitu cha kuchoma kilipokwisha, na majivu mekoni yakabaki na uvuguvugu tu, aliondoka alfajiri peke yake kwenda msituni mikono mitupu.

Kulikuwa na mringaringa mkubwa pale msitu unapoanza. Tawi lake moja kavu lilikuwa limeinama karibu, mtu mfupi aliweza kulifikia akirukia. Nakijwa akarukia, akaning'inia, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Tawi halikutikisika.

"Unavuta nini?" mti ukamuuliza. Siku hizo miti ilikuwa ingali inasema na watu, ingawa wasikilizaji walikuwa wachache.

"Navuta kilichokufa," Nakijwa akajibu, bado ananing'inia. "Wewe kinakufaa nini?"

"Kinanikinga. Shoka likigonga pakavu hupoteza makali, na mwenye shoka hunipita akaenda kwa mwingine. Ninyi watu hamtaki vikavu. Mnatutaka sisi."

"Mimi nataka vikavu."

"Leo, kwa sababu huna shoka."

Hilo lilikuwa kweli, na Nakijwa hakupenda kuambiwa. Akajiachia, akatua chini, akasimama mbele ya shina, mikono kiunoni. "Sikuombi," akasema. "Nakupa neno. Niachie vilivyokufa, na hakuna mtu wa nyumba yangu, wala shoka la nyumba yangu, litakalokugusa ungali hai."

Mti ukasema, "Neno la mtu mzima huzikwa naye. Mimi nitakuwa nimesimama hapa wewe ukiwa umeshakuwa udongo. Ukitaka tuahidiane, niletee watakaobaki."

Alirudi nyumbani polepole. Aliwakuta watoto wamejikunyata pamoja na mbuzi, akawatazama mmoja mmoja kuanzia kichwani mpaka nyayoni. Mbonea tayari alikuwa mdogo. Je, kama wazee walisema kweli? Kama yule mtoto angebaki vile alivyo, kimo cha kuku, mpaka uzeeni? Tusimpambe Nakijwa kwa ushujaa ambao hakuwa nao. Aliogopa. Lakini aliwaza hivi: mtoto aliyedumaa mikononi mwangu ni wangu, na mtoto aliyerefuka kwa Kajiru ni wa Kajiru. Akawaambia waamke.

Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya kijiji jua likiwa limechomoza, wanawake wakiwa kisimani. Mbonea alitangulia, Senzia akafuata, kisha Nankondo amebeba kamba za magomba, na mama yao nyuma. Jirani yake aliyeitwa Namweta, mwenye watoto wa rika la Nankondo na Senzia, alisimamisha kazi yake.

"Mama Nankondo, unawapeleka wapi hao?"

"Msituni."

"Wote? Hata huyo wa mwisho?"

"Huyo ndiye anayetuongoza, humwoni?"

"Utawaua vimo vyao, mwenzangu."

"Vimo vyao nitavitazama mwenyewe. Wewe tazama mtungi wako, unafurika."

Wanawake wengine wakacheka, wengine wakafunika vinywa. Hakuna aliyewafuata.

Mbele ya mringaringa, Nakijwa aliwaeleza watoto yote, bila kuficha kwamba shoka la baba yao liko kwa baba mdogo na kwamba wao ndio wanaotakiwa kuahidi. Nankondo aliahidi kwanza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejua uzito wa anachosema. Senzia aliuliza, "Na wewe ukivunja ahadi yako, tutakufanya nini?" Mti ukamjibu kwamba basi aje auambie mbele ya miti mingine, nao utaona haya. Senzia akaridhika, akaahidi. Mbonea hakuelewa ahadi ni nini. Alilikumbatia shina, mikono yake haikufika hata robo ya unene wake, akasema, "Sitakukata. Nipe, nasikia baridi."

Juu pakalia, kah. Kijiti kimoja kikavu, chembamba, cha urefu wa mkono wa mtoto, kikaanguka miguuni mwa Mbonea. Kikafuata kingine kama hicho. Kisha zikaanguka fito za kumtosha Senzia, na baada ya fito matawi manene ya Nankondo. Mwisho, kwa kishindo kilichowafanya warudi nyuma, likashuka lile tawi alilokuwa amening'inia mama yao. Mti ulikuwa umempa kila mtu mzigo wa kiasi chake.

Nakijwa akawafundisha kazi ambayo hakuna mama wa Isuja aliyewahi kumfundisha mtoto. Aliwaonyesha kuvunja fito kwa goti, kulalisha nene chini na nyembamba juu, kukaza kamba kwa kukanyaga mzigo kwa mguu, na kusokota kata ya majani ya mgomba ili kichwa kisiumie. Alimkemea Senzia alipotaka kubeba zaidi ya uwezo wake, akampunguzia. Mbonea alifungiwa vijiti vyake, akatwishwa, akanyoosha shingo, na hakukubali kushikwa mkono njia nzima ya kurudi.

Moto waliouwasha siku ile ulikuwa mwepesi, mwangavu, hauna moshi. Walikaa kuuzunguka, na kwa mara ya kwanza tangu baba yao afe Nankondo alisimulia kitu cha kuchekesha. Kila asubuhi walikwenda, kila asubuhi mti ukawapa. Ukungu ulipotua Isuja ukafunika mapaa, meko ya Nakijwa yalikuwa yanawaka, na watoto wale walikuwa na macho meupe kijiji kizima kikashangaa.

Ndipo alipokuja mpima majivu, Mzee Mrindoko, kiganja chake kimekakamaa kwa kazi ya miaka mingi. Kajiru alikuja naye. Nyuma yao walikuwa dada yake Kajiru na mkewe, wamebeba nguo za kuwafunika watoto njiani, maana kwao jambo lilikuwa limekwisha.

Kajiru aliingia ndani kwanza, akaona moto, akaona na kuni zilizopangwa ukutani. Uso wake ulibadilika. "Hizi ni njiti," akasema. "Takataka za kujengea viota. Mzee, moto wa njiti si moto."

"Kama si moto, shemeji," Nakijwa akasema, "tia mkono."

Kajiru hakutia. Mzee Mrindoko, ambaye hakupenda mabishano kabla ya kazi, aliinama akapeleka kiganja kwenye majivu kama alivyofanya nyumba zote, akakirudisha haraka kuliko alivyokipeleka. Akakipuliza. "Yana moto," akasema.

"Amewatia watoto msituni. Watadumaa."

"Mimi napima majivu," mzee akajibu. "Vimo vya watoto sijui hupimwa na nani."

"Na shoka? Nyumba gani hii isiyo na shoka?"

"Sheria inauliza moto," Nakijwa akasema. "Haijawahi kuuliza shoka. Kama iliuliza, sema, mzee yuko hapa." Alikuwa amesimama mlangoni, mfupi vile vile, na wale wanawake waliobeba nguo hawakuona pa kupita. "Na atakayemshika mtoto wangu aanze kunishika mimi."

Hakuna aliyemshika. Mzee Mrindoko alishukuru, akapita, akiendelea kukipuliza kiganja chake. Lakini Kajiru alikuwa ameaibika mbele ya mkewe, na mtu aliyeaibika mbele ya mkewe ni hatari. "Kama ni mti huo unaowapa jeuri," akasema, "leo nitauangusha." Akaenda kwake, akatoka na shoka. Lilikuwa shoka la Sengondo.

Nakijwa alipoliona, alishtuka. Kumbukeni neno alilotoa. Aliahidi kwamba shoka la nyumba yake halitaugusa mti, na lile lilikuwa shoka la nyumba yake, haidhuru nani amelishika. Likigonga mara moja tu, ahadi imevunjika, na hakuna mti ambao ungeachia tena hata kijiti. Ukungu wa mwakani ungekuta majivu baridi. Akafungua kinywa awaite watoto, akakuta wameshatoka.

Alipofika msituni akihema, Nankondo alikuwa ameketi shinani, mgongo ameuegemeza kwenye gome. Senzia alikuwa ameketi upande wa pili. Mbonea alikuwa katikati yao, miguu ameinyoosha. Kajiru alikuwa amesimama mbele yao, shoka begani.

"Ondokeni," akasema.

Hawakuondoka.

"Baba mdogo," Nankondo akasema, "shoka hilo ni la baba. Tulikwisha kuahidi kwamba haliukati."

"Mliahidi nini, na ninyi ni watoto?"

"Ndiyo maana tuliulizwa sisi," Senzia akasema.

Kajiru akamgeukia mama yao. "Waondoe watoto wako."

"Siwezi," Nakijwa akasema. Akaenda mpaka shinani, akaketi pale palipobaki wazi. "Neno lile si langu tena."

Kajiru akazunguka mti atafute pa kugonga. Kila alikokwenda aliwakuta wamesogea. Alipozunguka tena alimkuta Namweta, yule wa kisimani, aliyeona shoka likipita kijijini, amefika na watoto wake, na bila kusema lolote amewakalisha kwenye mizizi. Nyuma yake walikuja wengine, mama na wanawe, mama na wanawe, mpaka shina lote likazungukwa na vichwa vya watoto. Hawakupiga kelele wala hawakumtukana. Walimtazama tu, wengi wao kwa macho yaliyowasha kwa moshi wa magogo. Aliinua shoka mara moja, likasimama hewani. Akalishusha, akaliweka chini mbele ya Senzia, akaenda zake.

Miti yote ilikuwa imeona. Kwanza ulianza mringaringa, kah, kisha jirani yake, kisha ule wa mbali zaidi, na msitu mzima ukaanza kuachia vilivyokufa. Mlio wake ulikuwa kama magunzi yanayomwagwa uwanjani. Akina mama waliwafunika watoto kwa miili yao, lakini hakuna tawi lililompiga mtu. Kulipotulia, ardhi iliyokuwa tupu ilijaa kuni za kila kiasi, za mkubwa na za mdogo, na watu wakaanza kuinama.

Na tangu siku hiyo mti hauzuii tawi lililokufa. Huliachia lidondoke, hata siku isiyo na upepo, na huachia makubwa kwa madogo ili kila mtu wa nyumba apate mzigo wake. Na tangu siku hiyo mama akienda kuni huenda na watoto, nao huokota kilichoanguka, wakaacha kilicho hai kiendelee kuishi. Watoto wale watatu walikua wakarefuka nyumbani kwao, karibu na moto wao. Kwa hiyo ukikutana njiani na kitoto kinatoka msituni na vijiti vyake kichwani, kimenyoosha shingo, kiko mbele ya mama yake, usikicheke wala usijitie huruma ukataka kukitua. Hakitakubali. Vijiti hivyo ni vya nyumba yake, na nyumba yake haigawanywi.